Jicho la Mgeni: Siku Arobaini Montevideo

Wapo waliouliza kwa nini ukurasa huu ulikuwa mtupu katika matoleo mawili yaliyopita. Sababu ni njema. Binti yetu na mumewe wamepata kazi ya mkataba huko Montevideo, mji mkuu wa Uruguay, katika Amerika ya Kusini, na walipotuomba twende tukawasaidie kumlea mjukuu wetu wa miaka sita wakati wao wakitafuta nyumba na kuizoea kazi, hatukusita. Tulikaa huko siku arobaini, tangu katikati ya Aprili hadi siku za mwisho za Mei, sisi wawili, yaani mwandishi wa safu hii na mwenzi wake, ambao hatukujua neno la Kihispania zaidi ya salamu.

Mwezi huu tutaueleza mji ule kama tulivyouona, kwa macho ya wageni. Mwishoni tutasema neno kuhusu jambo litakaloletwa mbele ya mkutano wetu mkuu wa mwezi ujao, kwani mambo haya mawili yana uhusiano ambao sisi wenyewe hatukuutarajia.

Uruguay ni nchi ndogo iliyobanwa baina ya majitu mawili, Brazili na Argentina. Watu wake ni kama milioni tatu na nusu, na zaidi ya thuluthi yao huishi Montevideo. Huo ndio mji mkuu ulio kusini kabisa kuliko miji mikuu yote ya Amerika ya Kusini, na mgeni atokaye Uingereza hulihisi jambo hilo kabla hajafungua sanduku lake. Tuliacha huku miti ikichipua, tukakuta kule majani yakipukutika. Huku tumezoea kutafuta nyumba yenye madirisha ya kusini ili tuonje jua. Kule jua la adhuhuri hukaa upande wa kaskazini, na binti yetu alikuwa akikataa nyumba moja baada ya nyingine kwa sababu madirisha yake yanatazama kusini.

Liko jambo jingine ambalo Mswahili peke yake ndiye awezaye kulifurahia. Saa za Montevideo ziko nyuma ya saa za Dar es Salaam, Mombasa na Unguja kwa muda wa saa sita kamili. Nasi tunajua kwamba hesabu yetu ya saa inapishana na ya Kizungu kwa saa hizo hizo sita. Matokeo yake ni kwamba saa ya ukutani ya Montevideo husomeka Kiswahili cha nyumbani. Inapoonyesha tisa asubuhi, kwetu Afrika Mashariki ni saa tisa alasiri. Inapoonyesha mbili, kwetu ni saa mbili usiku. Tulipotaka kumpigia simu ndugu yetu aliyeko Tanga hatukuwa na haja ya kujumlisha wala kutoa. Tulitazama ukutani tu, tukajua kama amekwisha kula chakula cha jioni.

Mgeni asiyejua lugha ana miguu, nasi miguu ndiyo tuliyoitumia. Kila asubuhi, baada ya kumfikisha mjukuu shuleni, tulitoka na ramani ya karatasi tukachagua barabara moja ya kuifuata mpaka mwisho wake. Mwalimu wa historia hufurahi huko, maana ramani ya Montevideo ni kalenda. Barabara kuu inaitwa 18 de Julio, kwa sababu katiba ya kwanza ya nchi iliapiwa tarehe 18 Julai 1830. Ziko pia 25 de Mayo, 8 de Octubre na 21 de Setiembre. Mtu akikuelekeza njia ni kana kwamba anakuhoji tarehe za mtihani.

Barabara hiyo kuu huishia kwenye Plaza Independencia, uwanja mpana wenye sanamu ya José Artigas juu ya farasi wake. Kwenye ukingo mmoja linasimama Palacio Salvo, jumba refu lililomalizika mwaka 1928, lenye minara kama keki ya harusi. Kwenye ukingo wa pili umebaki mlango mmoja wa mawe wa ngome ya Wahispania, na ukiupita unaingia mji wa kale, Ciudad Vieja, ambao vichochoro vyake huteremka mpaka bandarini. Chini ya sanamu kuna ngazi zinazoshuka kwenye chumba chenye giza, na humo yamewekwa mabaki ya Artigas. Huyo ndiye wanayemwita baba wa taifa, lakini hakufa katika taifa hilo. Alikimbilia Paraguay mwaka 1820, akaishi huko miaka thelathini, akafa mwaka 1850, na mifupa yake ndiyo iliyorudi. Kaburi hilo lilifunguliwa mwaka 1977, nchi ikiwa chini ya utawala wa kijeshi uliodumu tangu 1973 hadi 1985, na kuta zake zilichongwa majina na tarehe tu, bila hata sentensi moja ya maneno yake. Wenye bunduki waliiheshimu mifupa, lakini maneno waliyaogopa.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi ufukweni. Wenyeji huliita lile jimaji mto, Río de la Plata, ingawa ng'ambo yake haionekani, na rangi yake hubadilika kwa upepo: leo kahawia kama chai ya maziwa, kesho kijani. Kando yake inapita Rambla, barabara ya pwani yenye njia pana ya waendao kwa miguu, ambayo urefu wake ni zaidi ya kilomita 20. Hapo ndipo mji mzima hukutana. Hakuna anayelipa kiingilio, hakuna ukuta wa hoteli unaomzuia mtu kuufikia ufuko, na tajiri na fukara hukaa kwenye ukuta ule ule wa mawe wakitazama jua likitua. Tulifikiri miji yetu ya pwani, ambako kila mwaka kipande kingine cha ufuko huzungushiwa ua, tukaona wivu.

Kila wa pili katika hao wakaao ukutani amebana chupa ya maji ya moto kwapani, na mkononi ana kibuyu kidogo chenye mrija wa chuma. Humo mna mate, majani makavu yanayomiminiwa maji kidogo kidogo na kunywewa siku nzima. Kibuyu ni kimoja, mrija ni mmoja, na huzunguka kutoka mtu hadi mtu kama kikombe cha kahawa ya barazani. Binti yetu alitutahadharisha mapema juu ya adabu yake: ukirudisha kibuyu usiseme asante mpaka utakapokuwa umetosheka, kwani kushukuru ndiko kusema kwamba hutaki tena. Kwetu sisi tuliolelewa kushukuru kila jambo ilikuwa kazi kubwa kunyamaza, lakini hiyo ndiyo elimu ya ugenini, kujua kwamba neno jema la kwenu laweza kuwa na kazi nyingine kwa mwenzako.

Jumapili asubuhi tulikwenda gulio la Tristán Narvaja, ambalo huanzia barabara kuu karibu na Chuo Kikuu na kutawanyika katika mitaa ya pembeni. Huko huuzwa nyanya na vitabu, funguo zilizopoteza kufuli zake, sahani za harusi za watu waliokwisha kufa, ndege katika vizimba, na viatu vya mitumba. Bei za madukani Montevideo ni ghali kuliko tulivyotazamia, hivyo gulio hilo lilituokoa. Mvua ikinyesha, wachuuzi hukaanga mikate bapa iitwayo tortas fritas, na ni desturi ya nchi nzima kuila siku ya mvua. Mtu akifumba macho atadhani anakula andazi lililokandamizwa.

Lakini kilichotufurahisha zaidi, kwa kuwa chaki haijatutoka vidoleni, ni lango la shule. Watoto wa shule za msingi za serikali huvaa koti jeupe juu ya nguo zao na utepe mpana wa buluu uliofungwa shingoni kama kipepeo. Asubuhi mitaa huwa kana kwamba imejaa madaktari wadogo. Koti hilo hufunika nguo ya mtoto wa wakili na ya mtoto wa mzoa taka kwa pamoja. Shule hizo ni za bure na za lazima tangu sheria ya mwaka 1877, aliyoipigania José Pedro Varela, mtu aliyefariki mwaka 1879 akiwa na umri wa miaka 34 tu. Mwaka 2007 serikali ilianza pia kumpa kila mwanafunzi wa shule hizo kompyuta yake. Mjukuu wetu alivaa koti lake kwa fahari, na baada ya wiki tatu alikuwa akijibu kila tunachomwambia kwa neno moja, "ta", ambalo kule maana yake ni sawa, basi, nimesikia, na niacheni nicheze.

Sasa tufike kwenye jambo lililotukalisha kitako.

Jumapili moja jioni binti yetu alitupeleka mtaa wa Palermo, ulio jirani na Barrio Sur, karibu na ufuko. Tulipokaribia barabara ya Isla de Flores tuliona moto umewashwa njiani, na kando yake zimelazwa ngoma nyingi zikikaushwa ngozi. Wasomaji wetu waliokulia ngomani hawahitaji kuelezwa kwa nini. Ngoma zilipokaza, watu walizitundika begani kwa mikanda, wakajipanga safu safu, mkono mmoja una kijiti na mwingine mtupu, wakaanza kwenda polepole. Ngoma ni za aina tatu: chico, ndogo yenye sauti kali isiyobadilika; repique, inayouliza na kuchokoza; na piano, nene, inayobeba uzito wa zote. Hiyo ndiyo candombe. Nyuma ya wapigaji walikuja watu wa mtaa, wazee wakiwa na viti vyao, akina mama wakicheza, na watoto wenye ngoma ndogo wakiiga. Wapigaji walikuwa weupe na weusi. Sisi tulisimama kando bila kusema, maana miguu yetu ilikuwa imekwisha kuelewa kabla ya vichwa.

Siku zilizofuata tulisoma na kuuliza. Mwishoni mwa karne ya 18 Montevideo ndiyo iliyokuwa bandari iliyoruhusiwa na mfalme wa Hispania kuingiza watumwa katika nchi za Río de la Plata. Wengi wa watu hao walitoka Kongo na Angola, na wengine walitoka pwani ya Msumbiji, wakazungushwa rasi ya kusini ya Afrika, yaani majirani zetu kabisa wa ng'ambo ya Ruvuma. Utumwa ulipigwa marufuku Montevideo mwaka 1842, wakati wa vita, na wanaume wengi waliopewa uhuru walitiwa jeshini mara moja. Katika sensa ya mwaka 2011, takriban asilimia 8 ya watu wa Uruguay walijitaja kuwa na asili ya Afrika.

Watu wale wa kwanza walifanya nini ugenini? Walifanya tufanyayo sisi. Waliunda vyama kwa kufuata asili zao: Wakongo chama chao, Wabenguela chao, watu wa Msumbiji chao. Kila chama kilikuwa na chumba chake cha kukutania, kilichaguliwa mfalme na malkia wake, kilichanga fedha za maziko na za kuwakomboa wenzao, na kila tarehe 6 Januari, siku ya wafalme watatu, walitoka kwa nguo za fahari na ngoma. Tuliposoma habari hizo tulitazamana tukacheka, kisha hatukucheka tena. Daftari la michango ya maziko tunalolizungusha hapa kila mwezi, wao walikuwa nalo miaka mia mbili iliyopita.

Wazee waliozaliwa Afrika walipokwisha kufa, mnamo mwisho wa karne ya 19, vyumba hivyo vilifungwa kimoja baada ya kingine. Vijana waliozaliwa Uruguay walianzisha mambo yao: vikundi vya ngoma vya sikukuu ya kanivali, na magazeti. Mwaka 1872 lilitoka gazeti lao La Conservación. Na Nuestra Raza, lililoanza mwaka 1917, lilirudi Montevideo mwaka 1933 likadumu hadi 1948. Sisi tunaochapisha jarida hili kwa fotokopi na kulikunja kwa mikono tunajua ni usiku mangapi yako ndani ya miaka kumi na mitano. Lakini magazeti hayo yote yaliandikwa kwa Kihispania. Lugha za mababu zilikuwa zimekwisha kuzikwa pamoja na mababu.

Yamebaki makombo, nayo Mswahili huyatambua kwa umbo. Mtumishi wa kike wa nyumbani huitwa mucama. Fujo huitwa quilombo, na neno hilo asili yake ni Kimbundu cha Angola, kambi, lenye ki- yake mwanzoni kama kitabu na kiti. Upo wimbo na uchezaji uitwao milonga, na wataalamu wengi huliunganisha neno hilo na Kimbundu pia, maneno au mabishano. Umoja wake ni mulonga, kama sisi tusemavyo mti na miti, na Mswahili alongaye na mwenzake hayuko mbali nalo. Watu hutumia maneno haya kila siku sokoni na nyumbani, bila kujua kwamba wamebeba sarufi ya Kibantu mdomoni.

Tulizungumza na mzee mmoja wa Palermo, mpiga piano, naye binti yetu akatufasiria. Alipojua tumezaliwa Afrika alituomba tuseme kitu katika lugha yetu, chochote. Tulimwambia kwanza kwamba Kiswahili si lugha ya mababu zake, ila labda ni binamu yake. Akasema haidhuru. Tukahesabu moja hadi kumi, polepole. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza hatua za mtu nje ya mlango. Tulipomaliza alinyamaza, kisha akasema, "Sikutambua hata moja." Hakusema kwa hasira. Akaokota kijiti chake akarudi kwenye safu.

Tumelifikiri jibu hilo siku nyingi. Asitokee mtu akawalaumu wale waliopoteza lugha. Walitenganishwa mama na mtoto, wakachanganywa watu wa makabila kumi katika nyumba moja, wakauzwa tena na tena. Lugha ya bwana ndiyo pekee waliyoweza kusikilizana kwayo. Sisi tumekuja kwa ndege, tuna pasipoti mfukoni, na hapana anayetupiga kwa kusema Kiswahili jikoni. Kama lugha itatufia, haitakuwa kwa sababu zile.

Swali ambalo sisi lilitusumbua ni jingine: mbona ngoma haikufa? Nayo ilipigwa vita. Wakubwa wa mji waliilalamikia kwa kelele zake tangu enzi za watumwa. Katika Barrio Sur kulikuwa na nyumba maarufu ya wapangaji, Mediomundo, vyumba vingi kuzunguka ua mmoja, kama nyumba za Kariakoo na Pumwani ya zamani, na ua huo ulikuwa kitovu cha candombe. Utawala wa kijeshi uliamuru wapangaji waondolewe na nyumba ibomolewe. Tarehe 3 Desemba 1978 ngoma zilipigwa hapo mara ya mwisho, na siku mbili baadaye watu wakatolewa. Wakapelekwa mbali, pembezoni mwa mji. Na bado walirudi Jumapili kupiga ngoma katika mitaa ile ile. Leo tarehe 3 Desemba ni siku ya kitaifa ya candombe, kwa sheria ya mwaka 2006, na mwaka 2009 UNESCO iliiweka candombe katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Nyumba yenyewe haikurudishwa.

Jibu letu ni hili, na msomaji alipime. Ngoma ilidumu kwa sababu ilikuwa na siku yake, mahali pake na kazi yake. Siku ni Jumapili. Mahali ni barabara. Kazi ni kuwakutanisha majirani. Mtoto hakupelekwa darasani kufundishwa ngoma. Alikuta watu wazima wanaitumia, akaachiwa nafasi nyuma ya safu, na siku moja mtu akachoka naye akapewa mkanda. Lugha ilikosa kazi. Sokoni haikuuza, kazini haikuajiri, shuleni haikusomwa, na hata chamani, wazee walipokwisha, hapakuwa na jambo lililohitaji kusemwa kwayo. Kitu kisicho na kazi ndani ya nyumba, hata kikiwa cha thamani, huishia kupandishwa darini.

Sasa tunarudi nyumbani, yaani hapa Uingereza. Wajumbe wote wamepata barua kwamba mkutano mkuu wa mwezi ujao utajadili pendekezo la kulifunga darasa la Kiswahili la Jumamosi. Hoja zake si za kipuuzi. Kodi ya ukumbi imepanda, watoto waliokuwa zaidi ya thelathini darasa lilipoanza sasa ni saba, na hao saba, tuseme kweli, huja kwa kuburutwa. Waliotoa pendekezo wanataka fedha hizo ziongezwe katika sherehe ya mwaka, yenye ngoma, vyakula na mavazi, ambayo vijana huipenda na huijaza.

Sisi tulifundisha darasa hilo miaka mingi, hivyo maneno yetu yapimwe kwa kujua hivyo. Hatupingi sherehe. Tumeona kwa macho yetu kule Montevideo ngoma inavyoweza kuwashikilia watu kwa miaka mia mbili, na anayeidharau ngoma hajui asemalo. Lakini tumeona pia kile ambacho ngoma haiwezi kukibeba. Mzee yule ana mapigo yote ya mababu zake mkononi, wala hajui bibi wa bibi yake alikuwa akimwitaje mtoto wake alipolia usiku. Hilo ngoma haikuweza kumwambia.

Kwa hiyo tunaleta pendekezo la tatu. Tuuache ukumbi, tusiliache darasa. Ukumbi wenye meza na ubao haukuwapa watoto kazi yoyote ya kufanya kwa Kiswahili isipokuwa kujibu maswali yetu, na mtoto hutambua upesi swali ambalo mwulizaji anajua jibu lake. Darasa lizunguke majumbani mwetu, kila Jumamosi kwa mwenyeji mwingine, nalo lifanyike jikoni, watoto wakipika na wazee wanaojua kupika lakini Kiingereza chao ni haba. Mama mmoja katika jumuiya yetu amekaa hapa miaka mitano bila kuzungumza na kijana yeyote asiye wake; yeye ndiye mwalimu tunayemhitaji, kwa sababu pilau lake halielezeki kwa Kiingereza.

Pili, kuanzia toleo la mwezi kesho kutwa, ukurasa mmoja wa jarida hili uwe wa watoto, waandike wao kwa Kiswahili, hata kama kimepinda: kila mwezi mtoto mmoja amhoji mzee mmoja na kuandika alichoambiwa. Mhariri amekwisha kutukubalia. Ukurasa huu wetu ndio utakaofupishwa ili wao wapate nafasi, nasi tumeridhia kwa furaha.

Tatu, fedha ya ukumbi itakayookolewa ndiyo iende kwenye sherehe, lakini kwa sharti moja: mshehereshaji, mara hii, awe kijana, naye aseme Kiswahili.

Wapo watakaosema tumechelewa, kwamba watoto wakubwa wamekwisha kupotea. Katika jumba moja la sanaa la Montevideo tulitazama picha za Pedro Figari, aliyechora candombe na mazishi na ngoma za weusi wa zamani kuliko mchoraji mwingine yeyote wa nchi ile. Figari alikuwa mwanasheria maisha yake yote. Alipoacha yote ili awe mchoraji tu, mwaka ulikuwa 1921 naye alikuwa na miaka sitini. Kazi anayokumbukwa kwayo aliifanya baada ya hapo. Sisi tulio na umri huo, na hata mliotutangulia, hatuna udhuru. Na kijana wa miaka kumi na tisa anayesema amechelewa kujifunza lugha ya mama yake anatuchekesha.

Mjukuu wetu tumemwacha huko na koti lake jeupe na "ta" yake. Mwaka huu atasema Kihispania vizuri kuliko wazazi wake, na hilo ni jambo jema, hatumzuii. Tumeafikiana na binti yetu jambo moja dogo: kila Jumapili, kabla hawajashuka kwenda kusikiliza ngoma, mtoto atupigie simu atueleze wiki yake yote kwa Kiswahili, kwa kuwa bibi yake hatamwelewa kwa lugha nyingine. Saa ya ukutani kwao itamwambia ni saa ngapi nyumbani kwetu kwa asili. Simu ya kwanza ilidumu dakika nne, na nusu yake ilikuwa kimya. Ya tatu ilidumu dakika ishirini, nayo ilihusu paka.

Mkutano ni Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, baada ya sala ya adhuhuri. Njooni mpige kura, mnaotuunga mkono na mnaotupinga, na mje na watoto. Hadi mwezi ujao, panapo majaliwa.